Tulimzika Shangazi Akiwa Nairobi

Helikopta ya polisi ikipita juu ya paa letu hapa Quakers Hill, ng'ambo ya bahari, vikombe kabatini hutikisika kidogo, na mimi nasikia injini nyingine kabisa. Nasikia ile injini ndogo ya umeme iliyofungwa nyuma ya gari la sinema, ikikohoa kwanza, kisha ikishika na kunguruma, harufu ya mafuta yake ikienea uwanja mzima wa soko la kwetu, upande wa Kakamega. Mwaka huu wa kufungiwa ndani nimepata nafasi nyingi ya kusikia vitu. Binti yangu Grace ni muuguzi kule hospitali ya Westmead. Anatoka alfajiri, anarudi uso umechorwa mistari na barakoa, anavua nguo za kazi gereji kabla hajamgusa mtu. Mjukuu wangu Imani, wa miaka tisa, anasomea shule mezani kwenye kompyuta. Mimi nakaa. Sikusoma sana, niliishia darasa la nne, lakini Kiswahili najua kukiandika, na hili nimelibeba zaidi ya miaka sitini bila kulisema.

Shangazi Nafula alikuwa dada mdogo wa baba yangu. Alikwenda Nairobi kuwa yaya wa watoto wa Wazungu, na kila siku yake ya mapumziko alikuwa haendi popote ila ukumbi wa mtaa, kutazama michezo ya kuigiza. Wakati huo wanawake hawakupanda jukwaani. Mama, mke, bibi harusi, wote walikuwa wanaume waliojifunga leso na kujaza matambara kifuani, na watu walikuja kuwacheka. Siku moja yule wa kucheza mama akashikwa na homa. Shangazi alikuwa ameutazama mchezo ule mara nyingi hata akaujua wote, basi akasimama huko viti vya nyuma akasema, "Maneno yake mimi ninayo." Akapanda. Watu walianza kucheka kama walivyozoea, halafu wakaacha. Baada ya jukwaa wakaja watu wa sinema za serikali, wakamchukua acheze katika picha zao za kufundisha usafi, kilimo na malezi ya watoto. Nyumbani wako waliomwita malaya. Nasema wazi kwa sababu ndivyo walivyosema, na hata mlangoni pa kanisa walisema. Bibi yangu, mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Kukhu, alipokea sukari aliyotumiwa na bintiye na hakujibu mtu.

Mwaka ninaousimulia, mvua ndefu zikiwa zinaisha, Shangazi alikuja likizo ya siku nne, nami nilikuwa na miaka tisa. Alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe ambalo Kukhu mwenyewe alimshoneshea kwa fundi wa pale sokoni. Jikoni alimenya viazi kama sisi, alikaa chini kama sisi, lakini akisimulia jambo la mtu, yule mtu alikuwa anaingia kabisa ndani ya nyumba. Siku ya tatu alinichukua nyuma ya jiko, akatandika mkeka, akanifundisha kufa.

"Sasa mimi nakufa," akaniambia. "Wewe ni daktari. Tafuta pumzi."

Akaanguka polepole, kwanza goti, kisha bega, mkono ukafuata wenyewe. Nikaweka sikio puani. Nikamtazama kifua hata macho yakaniuma. Hakuna. Nikaanza kulia, naye akafumbua jicho moja akacheka.

"Shangazi, unapumulia wapi?"

"Huku nyuma, mgongoni. Kifua ni cha kutazamwa na watu, mgongo ni wangu." Akanishika kidevu. "Mwezi huu nitakufa hivi mbele ya kamera. Watanizika na mchanga juu. Ukimwambia mtu nitajua. Nataka siku picha ikifika hapa wanione nilivyo hodari."

Niliapa. Akaondoka.

Miezi ikapita bila barua, halafu gari la sinema likaja. Walifunga kitambaa cheupe kati ya nguzo mbili, na giza lilipoingia tu wakawasha. Lazima mjue kwamba kitambaa kile hakikuwa kimewahi kutudanganya. Mwaka uliotangulia kilituonyesha chifu wa kata ya jirani akichimba matuta shambani kwake, na kila mtu alimjua yule chifu, na matuta yalikuwepo, tuliyapitia tukienda mtoni. Kilituonyesha nzige, na nzige tuliwajua. Kwamba Nafula anapigwa picha tulijua, lakini kwamba mtu aweza kupigwa picha akifa na asife, hilo hatukulijua. Sasa kikamwonyesha Nafula wetu, amevaa gauni lake la kijani. Picha haikuwa na rangi, lakini ile kola nani asingeijua. Alichota maji mtoni, akanywa bila kuchemsha, akaugua. Mtu wa kipaza sauti, kijana asiyetujua wala kumjua, alisimama kando ya gari akifafanua: "Mama huyu hakusikia mafundisho ya afya. Mama huyu sasa amekufa." Wakambeba. Wakamshusha. Mchanga ukaanguka juu yake.

Kukhu alikuwa amekaa mbele kabisa, chini kwenye nyasi. Alisimama. Kilio kilichomtoka sijakisikia tena popote duniani, na miaka yote nimesikia vilio vya vita na vya njaa redioni. Wanawake wote wakakiitikia. Yule kijana akadhani mafundisho yamewaingia, akaongeza sauti. Na mimi je? Mimi niliyejua? Nilimtafuta pumzi kama alivyonifunza, lakini mgongo ulikuwa umelala chini ardhini, na kifua kilikuwa kimya. Nikaamini. Nikalia kuliko wote.

Asubuhi baba alikwenda kumtafuta dereva, gari likawa limekwisha kwenda soko la mbele. Akaandika barua Nairobi kwa anwani ya wale Wazungu ambao Shangazi aliwalelea watoto, haikujibiwa. Wazee wakakaa wakasema mwili hautaletwa, serikali imekwisha kumzika na sote tumeona. Kwetu mtu akifia mbali mwili usipatikane, hukatwa mgomba wa urefu wake ukazikwa badala yake, ili asitangetange. Walikata mgomba. Waliuviringisha katika blanketi lake. Ng'ombe akachinjwa, watu wakatoka hata Bungoma, Kukhu akanyolewa kichwa. Hapo ndipo akili ilinirudia, naona mkeka nyuma ya jiko, nasikia "ukimwambia mtu nitajua". Nilisimama kando ya shimo na maneno yako mdomoni. Lakini ningeyasemaje? Kwamba ng'ombe amekufa bure? Kwamba Kukhu amenyolewa bure, nami nimelia siku tatu pamoja nao nikijua? Mtoto aliyesema hivyo angechapwa hata asikae. Nikayameza. Mgomba ukaingia, wakafukia.

Wiki tano baadaye, mchana, naokota kuni kando ya njia, Shangazi Nafula akatokea na sanduku mkononi na viatu vya kisigino. Nilitupa kuni nikakimbia nikipiga mayowe. Yeye akacheka, akadhani ni mchezo wetu. Alicheka hadi kwenye lango la boma, na pale akamkuta Kukhu amesimama na kichwa chake kilichonyolewa, ameshika fimbo ameipitisha njiani.

"Simama hapo hapo."

"Mama, nani amefariki?"

"Wewe."

Akamwonyesha kaburi. Majani yalikuwa yameanza kuota pembeni. Nilikuwa nimemwona akianguka nyuma ya jiko na kwenye kitambaa, na mara zote alianguka vizuri. Siku ile alianguka vibaya, kama gunia, kiatu kikatoka.

"Mama, ile ilikuwa kazi! Nililipwa nife! Baada ya kunifukia walinitoa nikanywa soda!"

"Nimekusikia," Kukhu akasema. "Sasa naona uko mzima, mimi si mjinga. Lakini nilikulilia. Machozi yangu hayakuwa ya sinema. Mtu aliyeliliwa haingii nyumbani kwa mguu wake kana kwamba alitoka dukani."

Mila ilikuwa hivi. Achinjwe kondoo, Nafula apakwe majani yaliyomo tumboni mwa kondoo huyo, anyolewe nywele zote, kisha aingie kwa tundu litakalobomolewa ukuta wa nyuma, kama mtoto anayezaliwa. Bila hayo asiguse mlango, asile nasi, na akirudi Nairobi asije tena. Shangazi aliyakubali yote isipokuwa nywele. Wiki iliyofuata alikuwa anaanza picha mpya, ndefu, si ya mafundisho bali ya hadithi, na yeye ndiye bibi harusi. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyekuwa amewahi kupewa picha kama ile. Bibi harusi kipara hayuko, na wale watu wasingengoja nywele ziote.

Alikaa nje ya lango juu ya sanduku lake tangu adhuhuri hadi jua likaanza kuanguka. Baba alimwomba Kukhu, Kukhu akakataa. Wakanituma nimpelekee maji, niyaweke chini nisimpe mkononi. Niliyaweka.

"Wewe," akaniita kwa sauti ndogo. "Si nilikuonyesha?"

"Ulinionyesha, Shangazi."

"Hukuwaambia?"

Nikatazama miguu yangu.

"Siku zote hizo? Hata walipochimba?"

Nilitingisha kichwa. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Nilingoja kofi, nililitaka. Yeye akachukua kibuyu, akanywa yote, akasema, "Basi nilikufa vizuri, kama hata wewe uliamini. Na aliyekuapisha ni mimi." Kisha akainuka, akamwita mama yake kwa nguvu boma zima lisikie. "Mama! Lete wembe!"

Nilimwona akinyolewa. Nilimwona akiingia kwa tundu la ukuta kwa magoti, amepakwa majani ya kondoo, na Kukhu akimpokea upande wa ndani kwa mikono miwili, akilia upya. Hakumwambia mtu kwamba nilijua. Nafasi ya bibi harusi alipewa mwanamke mwingine, na yule ndiye ambaye watu wa mijini wanamkumbuka. Shangazi nywele zilipoota walimpa nafasi za wajane na wakwe wakali, halafu hawakumpa tena. Alikwenda redioni, ambako kichwa hakionekani, na miaka mingi nchi nzima iliijua sauti yake bila kuujua uso. Uzeeni akarudi kuishi nyumbani kwa Kukhu, akiingia kwa mlango wa mbele.

Amefariki mwezi uliopita, mwenye zaidi ya miaka tisini, usingizini. Ndege hakuna, mipaka imefungwa, na kule nako serikali imeruhusu watu wachache tu makaburini. Mdogo wangu Wafula alishika simu tukaangalia mazishi, huko ikiwa asubuhi, hapa saa kumi na mbili jioni, Grace yuko zamu, mimi na Imani mezani. Zamani tuliona uongo kwenye kitambaa, kijiji kizima kikasimama kikalia hadi sauti zikakauka. Safari hii ni kweli, na mimi nimekaa kwenye kiti na chai, picha inakwama, inaendelea, jirani anakata majani yake kwa mashine. Nilishtuka kwa jinsi nilivyokaa tu. Nimefika umri huu nikidhani nimekuwa mtu mgumu, kumbe nilikuwa nimetulia tu kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Imani akauliza yule ni nani. Nikamwambia, na nilipoanza sikuweza kuacha, nikamwambia yote hadi wembe. Yeye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Aliuliza kama nilijua. Nikasema nilijua. Akasema, bila hasira, kama anayesoma jibu la hesabu, kwamba ilinipasa niwaambie.

Kukhu alikufa bila kujua. Baba hakuniuliza. Shangazi alinisitiri hadi mwisho. Nimevuka bahari, nimezeeka, ndipo mtoto wa miaka tisa ananiambia neno ambalo mtoto wa miaka tisa alipaswa kulisema. Picha ilikuwa imekwisha kukatika tukizungumza, nikampigia Wafula palepale. Walikuwa bado wamesimama kaburini, wachache, barakoa usoni. Nikamwambia ashike simu juu wote wanisikie, nikawaambia kwamba nilijua tangu mwanzo, kwamba neno langu moja lingemfanya Nafula bibi harusi.