Vipumulio vya Wangwe

Katika kila zoezi la bendi ya kanisa pale Rodi Kopany, Wangwe aliishia kuimba akiwa na kisikilizio kimoja sikioni na kingine kikining'inia kifuani. Kiongozi wao, Elijah, alishamkanya. Visikilizio vilinunuliwa ili kila mwimbaji aisikie sauti yake vizuri bila spika kubwa miguuni, lakini Wangwe, mwenye sauti nzito kuliko wote, sasa alikuwa akipotea tyuni.

Linet, fundi wa sauti, hakumkanya. Alimtazama tu. Akagundua kwamba wimbo ukianza Wangwe huwa amevaa vyote viwili. Cha kushoto hukitoa akifika kwenye noti ndefu za chini. Baada ya mazoezi akamfuata.

"Ndugu Wangwe, hicho kitu kinakuuma?"

"Hakiumi." Wangwe akaligusa sikio. "Masikio yanaziba, dada, hasa hili la kushoto. Nikiimba, kichwa kinavuma kama nimekitia ndani ya mtungi. Mama yangu kule Ntimaru alianza hivyo hivyo. Siku hizi ukimwita hageuki."

Linet akavuta kiti. "Ziba masikio kwa vidole, halafu imba."

Wangwe akaimba kidogo, akaondoa vidole. "Mvumo ni ule ule."

"Hata mimi nikiziba inavuma. Sauti yako inapita kwenye mifupa ya kichwa, inaingia sikioni, halafu inakosa pa kutokea. Sijui kama hiyo ndiyo shida yote, lakini nataka kujua."

Ubavuni mwa kila kisikilizio mlikuwa na kidude kidogo kama punje ya wimbi, chenye tundu na wavu mwembamba. Kazi yake ni kuachilia hewa inayobanwa ndani ya sikio. Linet aliviita vipumulio. Kwenye boksi la visikilizio vilikuwamo vingine: vya tundu la kati na vya tundu kubwa, bado vimefungwa, maana hakuna aliyewahi kuuliza ni vya nini.

Akaanza na vya tundu kubwa. Wangwe akaimba, uso ukalegea. "Afadhali, hasa huku kulia. Ni kama nimefunguliwa dirisha."

Lakini Linet alipowaomba Bonface, mpiga ngoma, na Elijah wa kinanda wampigie, mambo yakageuka. Besi, ile sauti nzito ya chini, ilikuwa imetorokea kwenye yale matundu, na kelele za ngoma zikaingilia humo humo. Wangwe akaashiria kwa kidole aongezewe sauti. Linet akakataa.

"Nikiongeza mpaka uzishinde ngoma, hapo ndipo tutakuharibia masikio kweli."

Akaweka vya kati, kisha akapunguza besi ya sauti ya Wangwe kwenye miksa, mashine ya kuchanganyia sauti. Upande wa kulia ukatulia. Wa kushoto ukabaki umeziba, na Wangwe akainamisha kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo aliloliogopa.

Linet akakichukua kile cha kushoto, akakipangusa, akakivaa mwenyewe, akaimba noti ya chini. Kichwa chake kikavuma.

"Omera, ndugu yangu, mbona hata langu linaziba?"

Wangwe akainua macho. "Kwa hiyo si sikio langu?"

Linet akang'oa kipumulio na kumulika kwa tochi ya simu. Kipya hakikuwa na kasoro. Chini yake, njia ya hewa ilikuwa imejaa nta kavu ya sikio. Akaisafisha taratibu kwa brashi laini, akarudisha kipumulio. Wangwe akaimba wimbo mzima akiwa na vyote viwili, na Elijah akaacha kupiga kinanda ili amsikilize.

Hata hivyo Linet alimsihi akapimwe, naye akaenda hospitali Homa Bay. Aliporudi hakuficha. Sikio la kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa limepoteza kidogo uwezo wa kusikia sauti nyembamba, labda kwa miaka aliyosimama karibu na ngoma. Halikuwa jambo la kumtoa kwenye bendi. Akahamia upande wa pili wa jukwaa, mbali na ngoma.

Mwimbaji mwenzake, Marion, aliposikia habari za vipumulio alitaka abadilishiwe vyake pia. Akajaribu vya kati, akajaribu vya tundu kubwa, mwishowe akaomba arudishiwe vile vya kwanza.

"Hivi vingine vinanipa baridi sikioni," alisema.

Linet hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Akamketisha chini, akawasha tochi, akaanza kumuuliza maswali.