Kura ya Mama Mdogo

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulinikuta Kibakwe, mwalimu mpya wa shule ya msingi, nikiishi kwa mdogo wake mama. Mama mdogo alikuwa akipiga kura tangu usichana wake. Mumewe hakuwahi kuwa na neno, maana enzi za chama kimoja hapakuwa na cha kugombania. Mwaka ule mume aliingia chama kipya, na maneno yakaanza.

"Nyumba hii ina kura moja," alisema tukila. "Naipiga mimi. Wewe utabaki na watoto."

Mama mdogo aliendelea kupakua mlenda.

Siku ya kura, mumewe alipotoka, mama mdogo alivaa kitenge chake cha kanisani akaniambia, "Twende." Tulipanga foleni juani. Alipomaliza kupiga kura alitoka akitabasamu peke yake, kidole kimepakwa wino. Njiani alikisugua kwa mchanga, nyumbani kwa majivu. Wino haukutoka.

Jioni mumewe alimkuta akinawa, akamshika mkono wenye wino.

"Umempigia nani?"

"Kura ni siri, baba watoto."

Aliuliza tena, akapata jibu lile lile. Akachukua mchi. Nilijaribu kumzuia, akanisukuma hadi ukutani. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijainuka.

Kulipokucha tulipanda lori la vitunguu hadi hospitali, Mpwapwa. Niliporudi nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. "Mwalimu," aliniambia, "hayo ni mambo ya mtu na mkewe. Wewe bado hujaolewa."

Kaka zake mama mdogo walikuja, si kumchukua, bali kumwombea msamaha kwa shemeji yao.

"Mtajie tu uliyempigia, yaishe," walimsihi.

"Sitaji," alisema. "Kama ni kuvunjika nimeshavunjika."

Alibaki pale kwa ajili ya watoto. Mkono uliunga vibaya, ukapinda. Hakuweza tena kutwanga wala kushika jembe sawasawa, na mumewe akaoa mke wa pili, akisema anahitaji mtu wa kulima.

Uchaguzi uliofuata nilikuwa nimehamia nyumba ya walimu. Nilimpitia mama mdogo mapema. Alikuwa kibarazani, akichambua maharage kwa mkono mmoja.

"Nenda wewe, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Mimi nimechoka."

Mke mdogo alisimama mlangoni na kichanga chake mgongoni, akitusikiliza. Nilimwuliza kama angekwenda. Akatazama upande wa shamba, alikokuwa mumewe, akatikisa kichwa.

Nilikwenda peke yangu.