Pasipoti ya Bibi Iliyokaa Moshini

Asubuhi ile niliondoka nyumbani nikiwa sijui ninakwenda wapi. Njia nzima ilinuka pamba. Ulikuwa msimu wa kuuza, na kila nyumba niliyoipita ilikuwa na rundo la pamba lililoanikwa uani juu ya turubai, likitoa ile harufu yake ya mafuta ya mbegu na vumbi la joto ambayo mgeni wa Simiyu hudhani ni harufu ya magunia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikuwa nimenawa uso wala kunywa uji, na chini ya sweta la shule, kati ya tumbo na sketi, nilikuwa nimechomeka pasipoti ya bibi yangu. Nilikuwa nimeiharibu. Nilichotaka ni kufika kwa mtu yeyote anayeweza kuifanya iwe kama ilivyokuwa jana yake, na kwa kuwa sikujua mtu huyo ni nani, nilifuata tu barabara. Barabara ya kijijini kwetu huishia Bariadi mjini.

Kitabu hicho cha pasipoti bibi alikipata miaka tisa kabla, alipokwenda kuhiji kwa mashahidi wa imani huko Namugongo, Uganda, pamoja na akina mama wa parokia. Wenzake walichukua karatasi za muda za kusafiria. Bibi alikataa. Alisema haendi nchi ya watu na karatasi inayokunjwa kama risiti ya pamba, akauza mbuzi wawili, akapata kitabu kamili cha miaka kumi chenye picha yake akiwa amekaza macho kama anayedai haki. Aliporudi alikifunga kwenye kipande cha kanga akakitundika juu ya mafiga, kwenye fito za paa la jiko, palepale yalipokuwa yakining'inia mahindi ya mbegu. Kwetu hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mbegu ya mwakani haikuwekwa sandukuni, iliwekwa moshini, kwa sababu mchwa na wadudu hawagusi kilichokaa moshini. Bibi alifikiri kwa utaratibu huohuo: kitu ulichokihangaikia sana, kikakaa na mbegu.

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekikumbuka. Halafu mwaka ule baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, akapiga simu kutoka Zambia. Alikuwa amehama na ng'ombe wake kutafuta malisho, kwanza Rukwa, kisha akavuka mpaka, na bibi hakuwa amemwona kwa miaka kumi na mitano. Dume lilikuwa limemvunja mguu na mguu ukaungana vibaya. Hakuwa na namna ya kusafiri tena. Alisema anaomba kumwona mama yake, basi. Baba akaamua kwamba pamba ikishauzwa, mwezi wa nane, tutakwenda: yeye, mama, bibi na mimi niliyekuwa kitinda mimba. Sisi watatu tulishatengenezewa vitabu vipya. Ndipo dereva mmoja wa lori la pamba akamwambia baba kwamba huko mpakani hawaangalii tu kama pasipoti haijaisha muda. Wanataka iwe na uhai wa miezi sita mbele. Jumapili ile, baada ya misa, baba akamwomba bibi ateremshe yake.

Nakumbuka kanga ilipofunguliwa. Jalada lilikuwa jeusi linalong'aa, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Baba alikishika kwa ncha za vidole akasema kwamba samaki wa moshi anamjua, lakini pasipoti ya moshi ndiyo mara ya kwanza. Bibi hakutikisika. Alimuuliza kama mahindi yake aliyoyahifadhi kwenye mfuko wa nailoni msimu uliopita yaliota. Mama akageuka kuficha kicheko, na hata baba akacheka, mpaka alipofungua ukurasa wenye picha. Juu ya ile karatasi ya plastiki inayofunika ukurasa, masizi yalikuwa yameganda kama lami. Mwaka wa kuisha ulionekana, ni mwaka uliokuwa ukifuata. Mwezi haukuonekana sawasawa. Bibi mwenyewe alikumbuka tu kwamba alikipata wakati wa palizi, na palizi ya pamba kwetu huanza Januari ikaenda mpaka Machi. Baba akahesabu kwa vidole, kutoka mwezi wa nane. Ikiwa ni Januari, kitabu kitakuwa na miezi mitano, na bibi atabaki. Ikiwa ni Machi, ni miezi saba, na tunakwenda wote. Alisema atakipeleka mjini baada ya kupima pamba. Mama akauliza kama safari isingeweza kusogezwa mwaka mwingine, kitabu kipya kitafutwe taratibu. Bibi akajibu, kwa sauti ileile aliyotumia kuomba chumvi, kwamba mwaka mwingine hakuna aliyemwahidi.

Sentensi hiyo ilinikosesha raha. Nilikuwa mtoto wa kuulizauliza. Mama alikuwa akisema nitakuja kuuliza hadi kaburi langu linaelekea wapi. Sikuweza kuvumilia kwamba jibu lilikuwa pale, chini ya masizi, umbali wa ukucha mmoja, na sisi tunasubiri mizani ya pamba. Na mambo ya masizi niliyajua. Kazi yangu ya kila alfajiri ilikuwa kusugua masufuria. Unachukua majivu laini, unalowesha donge la pamba, unazungusha mkono mpaka uone uso wako. Basi alfajiri ya Jumatatu, watu wakiwa mazizini, nilichukua pasipoti nikaifanyia kama sufuria. Masizi yalitoka kweli. Nikafurahi, nikaongeza majivu. Nilipofuta kwa pindo la kanga nikaona ile plastiki imekwaruzika yote juu ya tarehe, imekuwa nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Mwezi haukuwepo. Na sasa hata mwaka haukuwepo. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilikuwa nimeyamwaga maji ambayo si yangu, na mwenye kiu alikuwa bibi.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta mjini, nimekaa kwenye baraza ya duka la Alhaji Shabani, miguu imejaa vumbi. Alikuwa mfanyabiashara wa kanga na vitenge ambaye bibi alinunua kwake tangu kabla sijazaliwa. Wazazi wake walitoka Kigoma, na Kisukuma chake kilikuwa cha kuuzia tu. Aliniamkia, "Mwangaluka," kwa matamshi yake yaliyowachekesha wateja wote, kisha akauliza kama shule imehamia dukani kwake. Nikaanza kulia. Nilitoa pasipoti chini ya sweta nikamweleza yote: mguu wa baba mkubwa, miezi sita, majivu. Aliinusa kwanza. Akasema anaheshimu sana nyama ya kukaushwa lakini hajawahi kuona iliyopigwa muhuri. Halafu akaacha utani, akavaa miwani, akageuza ukurasa huku na huku kwa muda mrefu. Alisema yeye alikwenda Makka, kitabu anacho, lakini hii haijui. "Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu," akasema. "Na wewe kuuliza unaweza. Tatizo lako uliuliza sufuria." Akamwomba fundi cherehani wa jirani amtazamie duka, akanishika mkono, tukaenda ofisi ya uhamiaji.

Nilitegemea jitu. Nikamkuta dada mmoja mwenye sare iliyonyooka, anakunywa chai kwa andazi. Alhaji alimwita afande, akajieleza kwa heshima nyingi na maneno mengi, na akamaliza bila kutaja ni nani aliyefanya nini. Yule dada akaipeleka pasipoti dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga. Akauliza nani kaisugua. Alhaji akawa anaangalia feni.

"Mimi," nikasema.

"Ulitaka kubadilisha nini?"

"Nilitaka kuona mwezi. Bibi akibaki hatamwona baba mkubwa."

"Ukasugua na nini?"

"Majivu. Na pamba."

Akaniangalia kwa muda ulionitosha kuwaza jela. Kisha mabega yake yakaanza kutetemeka kwa kicheko, akaweka kikombe chini ili asimwage chai. Alipotulia aliniita nizunguke meza nisimame upande wake. Akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa, chini ya picha, ambako kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu zilizoshikana bila nafasi, ambayo sote tuliichukulia kuwa ni pambo. Sikuwa nimefika huko na majivu yangu, wala masizi hayakuwa yamefika. Akasema mistari ile ni ya mashine kusoma, na kwamba yale yaliyoandikwa juu kwa ajili ya watu, humo yameandikwa tena. Akasogeza kidole polepole: hapa ni siku aliyozaliwa bibi, na hapa ni siku ya kuisha, mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku. Akaniambia nisome mwezi. Nikasoma sifuri na tatu. Nikarudia. Alhaji nyuma yangu akasema Alhamdulillahi, taratibu, kama mtu anayeketi baada ya kusimama sana. Ilikuwa Machi.

Nilihisi njaa papo hapo, njaa ya mtu aliyepona. Yule dada alikagua kila ukurasa. Akasema namba inasomeka, picha inaonekana, mistari ya mashine ni mizima. Kitabu kimechubuka, hakijachanika wala kuongezwa kitu, kwa hiyo bibi asafiri, na akirudi tu aombe kipya. Akanipa nusu ya andazi lake. Tulipofika mlangoni akamwambia Alhaji, "Na huyu msimpe tena pasipoti. Mpeni masufuria."

Nyumbani walikuwa wamenitafuta hadi kwenye malambo. Baba alikuwa ameshakata fimbo, na aliponiona na Alhaji akaishika kama mtu anayepanga tu kuchunga. Njiani Alhaji alikuwa ameniambia kwamba mficha uchi hazai, na kwamba yeye hatasema neno hata moja kwa niaba yangu. Akatimiza. Nilisimama uani kati ya turubai la pamba na mlango wa jiko nikasema yote mwenyewe, kwa mpangilio mbaya, nikianza na Machi. Baba akauliza Machi gani. Ilibidi nirudi nyuma mpaka kwenye majivu, na nilipofika hapo fimbo ikaanza kunyanyuka. Bibi aliipokea mkononi mwa mwanawe bila ugomvi, kama anapokea mwiko, akaiweka kwenye kuni. Akachukua kitabu, akapapasa ile sehemu nyeupe kwa kidole gumba.

"Ulikwenda mwenyewe mpaka mjini?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukaongea na afande?"

"Ndiyo."

"Basi huko tunakokwenda wewe ndiye utakuwa unauliza njia."

Tulisafiri mwezi wa nane, siku tatu kwa mabasi, Shinyanga, Tabora, Mbeya, bibi akiwa amefunga kitabu ndani ya kanga kiunoni na kukigusa kila basi liliposimama. Mpakani Tunduma ofisa wa upande wa pili aliinamisha ule ukurasa kwenye mwanga kama alivyofanya yule dada, akamwangalia bibi, akaangalia picha, akaangalia tena bibi, ambaye alikuwa amekaza macho vilevile. Akagonga muhuri. Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule. Nakonde, mji wa upande wa Zambia, ilikuwa na vumbi na kelele, watu wanaongea lugha ambayo sikuikamata hata neno, na mimi, kwa amri ya bibi, nikatangulia nikiuliza kwa Kiswahili na kwa mikono. Mwanamke mmoja muuza maharage akatuonyesha nyumba ya wageni yenye milango ya kijani. Jua lilikuwa bado juu. Tulipata vyumba viwili, na ndoo ya maji ya moto. Bibi alikaa kitandani, akaomba simu ya baba, akasubiri mpaka sauti ya mwanawe ikaja.

"Masunga," akasema, "nimeshavuka. Kesho nala kwako."

Hakulia. Alimrudishia baba simu, akavua viatu, akalala usingizi mzito.

Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa mji mmoja miaka miwili mfululizo. Nimeuza dagaa Kigoma, nimepika kambini Katavi, nimevuka mipaka mitano. Pasipoti yangu iko kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, siku ya kuisha naijua kwa kichwa, na kwenye vituo vingine mashine huisoma kabla sijamaliza kusalimia. Hakuna anayeinusa. Ina mihuri mingi, na mingine siikumbuki niligongewa kwa shughuli gani. Bibi alitoka nje ya nchi mara mbili tu maishani, na mara zote mbili alijua anakwenda kwa nani. Mimi mara nyingi nafika mji mgeni mchana, naulizia chumba, napewa ufunguo, nakaa kitandani na viatu miguuni, na najisikia salama kabisa. Ila sina wa kumpigia kumwambia kwamba nimeshavuka.