Mlango wa Pikapu ya Mzee Buya

Nilimuua mzee wa watu kwa mdomo tu, nikiwa nimeshiba chapati. Chapati zenyewe zilitoka kwenye nauli niliyopewa nikamtafute. Usicheke. Haya hayakutungwa kijiweni, yamenipata mimi, hapa hapa Garsen, na ukiona nakudanganya subiri ufike mwisho ndipo unitukane.

Mjomba Komora alinunua mabaki ya pikapu ya zamani huko Madogo, ile yenye taa mviringo kama macho ya chura. Akaifufua: injini, viti, rangi nyeupe kama maziwa. Dada yangu Habona angepelekwa nayo kanisani siku ya harusi yake. Tatizo lilikuwa moja. Kila ikipita juu ya maji, mlango wa dereva ulifunguka wenyewe. Nchi kavu, kimya. Mjomba alibadilisha kitasa mara mbili, mwishowe akaubana mlango kwa chuma na nati, sote tukawa tunaingilia upande wa abiria. Bado moyo wake haukutulia.

"Kuna mzee Hewani, anaitwa Buya, ndiye aliyekuwa nayo," akaniambia. "Nenda ukamuulize huu mlango una nini. Siwezi kumpakia bibi harusi kwenye gari nisilolijua."

Nikafika stejini, nikaona meza ya pool na muuza chapati. Basi, nauli na safari vikaishia hapo. Jioni nikarudi na viatu nilivyovipaka vumbi mwenyewe.

"Haya, mzee amesemaje?"

"Nimekuta amekufa, mjomba. Mtumbwi umepinduka. Nimekaa matangani, hata chai ya tangawizi nimepewa."

Ile tangawizi ndiyo iliyonogesha uongo. Ila nilisahau mama yangu ni mtu wa aina gani. Mama akisikia msiba wa yeyote ambaye hata kuku wake amewahi kufika kwetu, lazima aende. Keshokutwa yake, mchana kweupe, alifunga mchele kwenye leso, tukabanana watatu ndani ya pikapu kwenda kuwapa pole watu ambao mzee wao yu hai. Niamini, siku hiyo nilisali kuliko mchungaji.

Karibu na kijiji maji ya mto yalikuwa yamelala barabarani. Mama na mjomba wakashuka kupima kina kwa fimbo. Nikabaki peke yangu. Mara mlango wa dereva, ule uliobanwa, ukafunguka bila hata kulia. Akaingia mzee, akakaa kwenye usukani kama mwenye mali. Suruali yake ilichuruzika maji. Alivaa kandambili moja tu, ya bluu, mguu wa kulia.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mjukuu. Mimi ndiye Buya."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilifurahi! "Babu, nifichie aibu," nikambembeleza. "Waambie tu ulipona."

Akapapasa kile chuma. "Enzi za kivuko cha kuvutwa kwa kamba, kabla ya daraja, hakuna dereva aliyevuka mto amefunga mlango. Kamba ikikatika, aliyejifungia alikwenda na gari lake. Hii pikapu nimeifundisha mimi. Kitoe hiki." Halafu akanitazama. "Na ile chai, tangawizi ilikolea?"

Niligeuka kumwita mama. Kurudisha macho, hakuna mtu. Mlango umefungwa, nati imekaza, kiti chapachapa.

Tulipofika kwake tulikuta turubai na watu wamekaa. Matanga ya kweli! Mjane akasema mtumbwi ulipinduka juzi jioni, mzee akitoka shamba. Jioni ileile niliposimama mbele ya mjomba nikidanganya. "Tumemzika jana," akasema. "Kandambili yake moja tu ndiyo hatukuiona." Kisha nikaletewa kikombe. Tangawizi ilikuwa imekolea.

Ningemwambia nani? Kusema ya mlango ni kusema ya chapati. Usiku wa kuamkia harusi nikachukua spana, nikakitoa kile chuma kimyakimya. Chini ya klachi mkono wangu ukagusa kitu cha baridi: kandambili ya bluu, ya kulia, bado imelowa.

Asubuhi, njiani kwenda kanisani, mlango ulifunguka mara tu tairi zilipogusa maji yaliyofunika barabara. Mjomba hakuwahi hata kushangaa. Pikapu iliteleza, ikaingia mtaroni, ikalalia upande wa abiria. Maji yakajaa ndani. Mjomba alitokea ule mlango wa juu uliokuwa wazi, akamvuta Habona kwa mikono miwili, gauni na matope yake yote. Yu hai. Aliolewa na matope yake.

"Nani alikitoa chuma changu?" mjomba akauliza jioni. Nikasema yote, nikaitoa na kandambili.

Mpaka leo sijui kama uongo wangu ulimuua yule mzee au ulikiona tu kifo chake mapema. Chai ya tangawizi hainipiti kooni. Wewe unayesoma, tania vyote, hata mwalimu mkuu, lakini usimzike mtu kwa mdomo. Huenda akaja kukuuliza matanga yalikuwaje.

Mama hakunipiga. Alifunga mchele mwingine, akaweka ile kandambili juu yake, akasema: "Irudishe. Mwombe mzee msamaha pale kaburini. Na ukirudi, usiniambie amesemaje."