Kumkaribisha Mgeni Kwenye Arobaini ya Kaka

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Mfunguo Nne nilifiwa na kaka yangu, hapa hapa Tongoni. Tulizaliwa wawili tu.

Yeye ndiye aliyekuwa akiwakaribisha masheikh wageni kwenye maulidi na hitima zetu. Siku ya arobaini yake kazi hiyo nikapewa mimi, niliyeishia darasa la saba. Ami, mdogo wa baba yetu, alikuwa amemwalika sheikh kutoka Pangani aje atoe mawaidha. Sheikh huyo alisoma chuo kimoja cha Kurani na kaka, wakapendana hata watu wakawadhania ndugu. Kisha siku moja kaka akamsahihisha kisomo msikitini, mbele za watu, na mwenzake akasusa. Miaka mitatu hawakusemezana. Kaka alipougua aliniuliza mara mbili, "Mwenzangu hajaja?" Hakuja. Hata mazikoni hakuja.

Ami akanipa karatasi. "Soma hivi hivi. Sema alikuwa rafiki wa marehemu mpaka siku ya mwisho."

"Ami, hilo si kweli."

"We naye! Tia sukari kidogo, ni mgeni. Hapa si mahakamani."

Nilisimama na kipaza sauti. Nikataja jina la mgeni, la babake, na chuo walichosoma. Nilipofika kwenye ule mstari, sauti ikagoma. Wanawake nyuma ya pazia wakadhani ni kilio, wakaniombea subira. Sikuwa nikilia.

Nikasema, "Alikuwa rafiki wa marehemu. Baadaye walinuniana. Leo amekuja. Tumsikilize."

Ami aliinamisha kichwa. Mgeni akapokea kipaza sauti, akakipangusa kwa ncha ya kanzu, akakipangusa tena, hata nikaona nimeiharibu hitima ya kaka yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Halafu akasema, "Ni kweli." Akatoa mawaidha mafupi, akaketi.

Baada ya pilau sikumwona. Nilimkuta makaburini, amesimama peku, viatu kavivua kando.

"Lake lipi?"

Nikamwonyesha. Akasoma Fatiha, akajipangusa uso kwa viganja.

"Aliniulizia?"

Nilitamani kumwambia hapana, aende zake salama.

"Mara mbili," nikasema.

Akaanza kuvaa viatu. Cha kushoto kilimshinda, nikainama nikamvalisha.