Reka na Hina Yake Juu ya Boriti

Wifi yangu Mize hajui kufanya jambo kidogo. Akialika watu wawili, hupikia kumi. Kwa hiyo jioni ya kuamkia Idd ndogo, mwaka 2007, Reka alipoomba hina, Mize hakumchorea ua moja akaishia hapo. Alimpaka mikono na miguu kama bibi harusi, akamkalisha karibu na hita ili rangi ikolee. Ikakolea kweli.

Reka alikuwa Mhungaria, jirani yetu wa mlango wa pili katika maghorofa ya Newtown. Alikuja Birmingham na miaka kumi, yeye na mamake, Ilona, aliyepata kazi ya kufungasha mikate kiwandani. Kwao alianza jimnastiki hata kusoma hajui, na medali za watoto alikuwa nazo. Huku lugha hana, rafiki hana. Akajiunga na klabu iliyokuwa ndani ya ghala la zamani kule Digbeth, akaanza upya. Viganja vikachanika kwa vyuma vya kuning'inia, vikapona, vikachanika tena mpaka vikaota sugu. Shuleni akaketishwa karibu na Iman, binti wa Mize, na kupitia kwa Iman akaingia nyumbani kwetu. Akajifunza kutoa shikamoo na kula pilau kwa mkono.

Mwaka uliotangulia alivunjika kifundo cha mguu. Alikuwa akishuka kutoka kwenye boriti, ule ubao mwembamba wanaochezea juu yake, akajaribu samasoti mbili hewani. Msimu mzima ukampita. Aliporudi, kocha alimwambia waziwazi: mchujo wa Oktoba ndio wa mwisho kwa umri wake. Nafasi katika timu ya kanda ilikuwa moja. Akiikosa, mashindano yamekwisha.

Mchujo wenyewe ulikuwa Jumapili, siku moja baada ya Idd. Siku yenyewe ya Idd tulikuwa tunakula Ilona alipobisha hodi, uso mwekundu, amemshika bintiye mkono.

"Mize, what is this? Rangi mwilini no allowed! Watamkata alama!"

Wifi yangu akaacha kijiko. Kwetu hina ni heri. Nani angefikiri kuna mchezo unaoiona kosa? Tulijaribu ndimu, tukajaribu dawa ya meno. Hina ikazidi kung'aa, nami nikamwambia Mize safari hii amefanya kazi nzuri kupita kiasi. Hakucheka. Alikuwa analia.

Ilona akachukua stilwaya ya kusugulia masufuria. Hapo Reka akaficha mikono nyuma.

"Mama, no. Nikichubuka nitashikaje boriti? And it's mine. Iman anayo, na mimi ninayo."

Jumapili tulikwenda wote. Jaji alimtazama mikono, akatikisa kichwa, akamkata alama kabla hajapanda, na katika mchezo ule hata nukta ni mlima. Kocha akamwita pembeni. Ili kuufidia upungufu ule ingebidi ashuke kwa samasoti mbili, zilezile zilizomvunja. Ilona akasema hapana. Reka akajipaka chaki viganjani, akasema, "Nitazifanya." Maji alishayavulia nguo.

Mimi niliogopa, nasema kweli. Mize alijifunika mtandio usoni. Juu ya boriti mtoto aliyumba mara moja, akajikaza, akaenda mpaka mwisho, akaruka. Akazunguka. Akazunguka tena. Miguu ikatua kwenye godoro pu! ikaganda hapohapo. Kisha, kama kanuni inavyotaka, akamgeukia jaji, akanyanyua mikono yote miwili, na ukumbi mzima ukaona maua ya wifi yangu.

Mize akapiga kigelegele. Waingereza waligeuka wote.

Nafasi aliipata, tena kwa alama kiduchu. Tuliporudi Newtown, Mize akamwekea chai, akaapa mbele yetu, "Wallahi, Reka, sikupaki tena mwanangu. Nilikaribia kukuharibia maisha."

Tulidhani angefurahi. Badala yake macho yalimjaa machozi, yeye ambaye hata mfupa ulipovunjika hakulia.

"Kwa nini? Nimefanya nini?" Reka akauliza.

Akaweka mikono juu ya meza, viganja juu, sugu na maua pamoja.

"Idd kubwa ni December, Bi Mize," akasema. "Nitakuja na Iman."