Kiti cha Kushoto

Watu wa mtaa ule walimwita Mzee Pasi, kwa kuwa alikuwa dobi, na shati lililopita mkononi mwake hata nzi angeteleza. Jina lilikuwa la heshima mpaka gari lake lilipogongwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja.

"Mzee Pasi!" muuza magazeti alimwita asubuhi moja. "Nguo unazinyoosha, gari unalikunja!"

Alicheka pamoja na wengine, akaingia ndani, akafunga mlango. Kicheko kikabaki nje.

Kampuni iliyokuwa ikimkatia bima ilimwambia haitaendelea naye. Bima ingekwisha Ijumaa. Bila bima gari lisingeruhusiwa barabarani, na bila gari, mashuka ya nyumba za wageni yangepelekwa kwa dobi mwingine. Si riziki tu iliyomtia hofu. Tangu mkewe afariki, kupeleka mashuka ndiko kulikomkutanisha na watu waliomwambia "karibu".

Bintiye, aliyeishi mji wa mbali, alimpigia simu.

"Baba, nenda kampuni kubwa, ya taifa zima. Hiyo ofisi ndogo ya mtaani achana nayo. Watakuchimba, kesho mtaa mzima unajua. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguoni nimeshapiga pasi, mwanangu. Hakuna kitu."

"Baba, usinichekeshe, niko kazini." Simu ikakatika.

Akaipigia kampuni kubwa. Mashine ikamwambia abonyeze moja, kisha tatu, kisha asubiri. Hatimaye ikaja sauti ya kijana, safi kama glasi.

"Ajali ngapi, mzee?"

"Tatu."

"Sawa. Tunakupokea kama dereva wa hatari. Bei itapanda, lakini leo hii tunakukatia."

"Hutaki kujua zilitokeaje?"

"Hapana, mzee. Kuna lingine nikusaidie?"

Hakukuwa na lingine. Alishika simu sikioni muda kidogo baada ya kijana kukata. Ahueni aliyoitarajia haikuja.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, akajisemea, na kesho yake akaenda kwenye ile ofisi ndogo, iliyokuwa ghorofani juu ya duka la kufuli. Wakala wake alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba.

"Wahenga walisema ajali haina kinga," alimkaribisha, "ndiyo maana ofisi hii inakufa njaa. Twende nilione gari."

Alilizunguka gari polepole, akipapasa mabonde ya bati.

"Mzee wangu, mbona majeraha yote yako upande wa kushoto?"

"Wanaonigonga hutokea huko."

"Kulia hakuna magari?" Akafungua mlango wa abiria. Kwenye kiti palikuwa na furushi refu lililofika dirishani. "Na huu mzigo unakwenda wapi?"

"Hauendi popote."

Yalikuwa mashuka yake mwenyewe, ya kitanda cha watu wawili, yaliyonyooshwa vizuri. Aliyaondoa kama mtu anayemwamsha mgonjwa, akayaweka nyuma. Wakala akaketi, wakaondoka.

Kwenye njia panda ya kwanza Mzee Pasi alisimamisha gari. Akatazama kulia. Kisha akabaki ametulia, kichwa amekiinamisha kidogo, kama anayesikiliza.

"Tunamngoja nani?" wakala akauliza.

Dobi alikaza mikono kwenye usukani.

"Mama watoto," alisema. "Tangu gari letu la kwanza, mimi natazama kulia, yeye kushoto. Akisema 'ngoja', nangoja. Akisema 'pita', napita. Sasa... nikikaa kimya sana, huwa nasikia kama amesema 'pita'."

Wakala alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, akaivaa tena. Hakumpa pole. Alitazama kioo cha pembeni, kile ambacho furushi lilikuwa limekiziba siku zote hizo.

"Nitakukatia bima," alisema. "Bei yangu si nafuu kuliko ya wale wakubwa. Na nina sharti moja: kiti hiki kibaki kitupu."

"Wale hawakuweka sharti lolote."

"Wale hawajakaa hapa."

Mzee Pasi aligeuza gari. Kwa wale wakubwa angeweza kuendesha na furushi lake mpaka ajali ya nne, na hakuna ambaye angeuliza. Alilifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi. Alipomshusha wakala, alizima gari, akapanda naye ghorofani, akatia saini.

Ijumaa asubuhi aliyapeleka mashuka yale chumbani, akayatia kabatini. Bintiye akapiga simu.

"Wa mtaani wamekupunguzia bei, Baba?"

"Hata kidogo."

"Sasa?"

"Wameniuliza."

Kisha akaondoka na mashuka ya wageni. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, na utupu wake ulijaa gari zima. Kwenye njia panda alitazama kulia, akasikiliza. Kimya. Ikabidi ainame, ageuze shingo upande usio wake, na pale juu ya kiti kitupu akaona lori likija kwa kasi.

Nyuma yake mtu akapiga honi.

"Ngoja," Mzee Pasi akasema, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe.

Lori likapita. Barabara ikawa nyeupe. Hakuna aliyesema lolote, naye akapita.